Kinundu cha Pili

"Sisemi," alisema Sindano. "Mniweke hapa mpaka niote mizizi, sisemi."

Neno alilogoma kulisema lilikuwa fupi: samahani. Profesa, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa magonjwa, alikuwa ameleta ujumbe kituoni tangu asubuhi. Akiombwa radhi mbele ya wafanyakazi wake, angefuta malalamiko na mambo yangeishia hapo. Asipoombwa, binti apandishwe kizimbani kwa kuharibu makusudi mali ya taasisi, yaani mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, ile ya kugandisha, uliokutwa mkavu na, ndani yake, fuwele za protini zilizoyeyuka zikawa si kitu.

Inspekta alikaa upande wa pili wa meza. Mwanamke huyu kituoni walimwita Kauzu, kwa sababu uso wake haukubadilika hata akitukanwa wazazi. Mbele yake palikuwa na karatasi moja, bado nyeupe. Hakuwa na kawaida ya kuandika kabla hajasikia jambo linaloweza kukaguliwa.

Mama yake Sindano alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mkoba ameubana magotini. Mkuu wa Kituo ndiye aliyeruhusu aingie, akitumaini kwamba machozi ya mzazi yatafanya kazi iliyoshindwa na pingu.

"Mwanangu, Profesa ni baba yako mdogo," mama alisema. "Baba yako alipofariki, nani alikusomesha? Sema hilo neno tukapumzike nyumbani."

"Alinisomesha, na nilimshukuru. Sasa anataka nimshukuru tena kwa kujiita mhalifu."

"Damu nzito kuliko maji."

"Ndiyo maana anainywa taratibu, mama."

Kauzu aligonga meza kwa kidole. "Mama, naomba utupishe kidogo. Hapo nje kuna benchi." Mlango ulipofungwa alimgeukia binti. "Na wewe, acha kurusha mikuki. Nieleze kazi yako. Mimi nina akili, ila sikusomea mambo yenu."

Sindano alimtazama kwa muda kama anayepima kina cha maji kabla ya kuingia. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, na jina la utani alilopewa maabara lilitokana na ulimi wake zaidi ya umbo lake.

"Bakteria hana macho," alianza. "Anamezwa, anaingia mwilini gizani. Atajuaje kwamba amefika utumboni na hayuko bado mtaroni?"

"Atajuaje?"

"Ana kihisi. Ni protini iliyochomekwa kwenye ngozi yake, nusu nje, nusu ndani. Ile nusu ya nje ina mfuko, na kingo za mfuko ni kama mdomo wa koleo." Aliweka viganja viwili pamoja, akaviachanisha, akavifumba. "Utumboni kuna asidi ndogondogo. Moja ikiingia mfukoni, koleo linafumba. Likifumba, mguu wa protini unasogea kidogo kule ndani, na bakteria anapata habari: umefika, toa silaha."

"Na asipopata habari?"

"Anapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Hamdhuru mtu. Ndiyo maana tunalitafuta umbo la ule mfuko. Ukilijua, unachonga kizibo chake. Humuui bakteria, unamziba pua."

"Umbo mnalionaje?"

"Protini moja peke yake ni ndogo mno. Unazipanga kwa mamilioni, zote zimeangalia upande mmoja, kama gwaride. Hiyo ndiyo fuwele. Unaipiga eksirei, na kompyuta inakupa ramani ya mawingu. Palipo na wingu zito pana atomi."

"Zako uliziotesha vipi?"

"Kwa ubishi. Zilinikatalia muda mrefu. Koleo likiwa wazi linachezacheza, na askari anayechezacheza hafai kwenye gwaride. Halafu salfeti ya amonia, chumvi tunayotumia siku zote, ikaisha stoo. Nikaambiwa nisubiri. Mimi na kusubiri hatuchangii sahani. Nikaenda idara ya kemia, nikaazima chumvi nyingine, tatarati. Zikaota."

Kauzu aliandika neno moja kwenye karatasi. "Kwa nini ziliota?"

"Chumvi inavuta maji, protini zinabanana. Bahati tu."

"Nani anajua kwamba ulibadilisha chumvi?"

"Hakuna aliyeniuliza. Pale watu wanauliza matokeo, hawaulizi chumvi. Na sikuwa nimeandika popote. Nilitaka zirudie kuota kwanza. Fuwele iliyoota mara moja ni uvumi."

"Endelea."

"Nikapiga eksirei, nikaanza kulijenga umbo. Kabla sijafika kwenye mfuko, nikafungiwa kompyuta yangu, ikafutwa. Baada ya hapo baba mdogo akatangaza umbo kuwa kazi ya mikono yake. Nikasimama mkutanoni, mbele ya wageni, nikasema: fuwele ni zangu, zitolewe mtungini zichunguzwe. Kulipokucha, mtungi mkavu, na mimi ndiye mshukiwa."

"Ulikuwa na hasira?"

"Bado ninazo. Hasira haikaushi mtungi, afande."

Kauzu alikunja karatasi akaitia mfukoni. Sentensi ile ya mwisho haikuwa na thamani ya kisheria. Ile ya chumvi ilikuwa nayo.

*

Koplo alikuwa akimsubiri kwenye korido ya taasisi, tumbo mbele, karatasi mkononi. Alikuwa mtu wa makamo aliyependa kesi fupi na viti virefu.

"Afande, tumemaliza," alisema. "Mlango wa chumba cha mtungi unafunguliwa kwa kadi, na mashine inaweka kumbukumbu. Jioni ya ule mkutano imeingia kadi moja tu mpaka asubuhi. Ya Sindano. Na mashine haina shangazi wa kumpendelea."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema aliingia kuongeza nitrojeni, akaacha mtungi umejaa. Angesema nini kingine?"

Kauzu aliingia chumbani. Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, sakafu ya saruji, na mtungi wa bati jeupe uliofika kiunoni. Kizibo chake cha sponji ngumu kilikuwa juu ya rafu, pale pale polisi walipokikuta siku ya kwanza.

"Kikiwa kimetolewa hivi, unakauka upesi?"

"Fundi wao anasema usiku mmoja unatosha, kama haukuwa umejaa sana."

Kauzu alirudi mlangoni akachuchumaa. Chini ya mashine ya kadi palikuwa na tundu la ufunguo la zamani, shaba yake imekwanguliwa, inang'aa.

"Hili linafanya kazi?"

Koplo aliinama kwa shida. "Umeme ukikatika. Ufunguo anao mkurugenzi peke yake."

"Mashine inaweka kumbukumbu ya ufunguo?"

"Hapana, afande."

"Basi mashine yako haina shangazi, lakini ina baba mdogo."

Koplo alicheka, kisha akaacha, maana kesi fupi ilikuwa imeanza kurefuka. "Kwa hiyo ni Profesa?"

"Sijasema. Sindano aliweza kuingia, Profesa aliweza kuingia. Tundu lililokwanguliwa linaonyesha kwamba ufunguo unatumika. Halionyeshi lini. Mlango huu umekwisha kusema yote unayoyajua, tuachane nao."

Simu yake ililia. Ilikuwa ni Mkuu wa Kituo.

"Kauzu, huyo binti kashasema samahani?"

"Hapana, Mkuu."

"Mwambie aseme. Profesa ni mtu wa watu. Nataka faili hilo lifungwe leo."

"Yeye ni mtu wa watu, Mkuu, mimi ni mtu wa faili. Likiwa na tundu silifungi."

"Hiyo ni amri, Inspekta."

"Nimeisikia."

"Utaitekeleza?"

"Nimesema nimeisikia, Mkuu."

Alikata simu, akairudisha mfukoni. Koplo alikuwa anatazama dari kwa bidii, kama mtu asiyekuwa na masikio.

"Fuwele zimekufa," Kauzu alisema. "Kompyuta ya binti wameifuta. Kimebaki kitu kimoja ambacho hakuna mtu humu ndani anayeweza kukikausha."

"Kipi?"

"Umbo lenyewe. Profesa alipotaka sifa, ilimlazimu aliweke kwenye hazina ya kimataifa ya maumbo ya protini, pamoja na picha zake zote za eksirei. Mtu yeyote anaweza kulichukua. Na nimeshampa mtu kazi hiyo."

*

Mtu huyo alikuwa Mkemia wa maabara ya serikali, mwanamke mfupi aliyesoma darasa moja na Kauzu na ambaye hakuwahi kumwogopa. Alikuwa amesukuma chupa zake pembeni ili kompyuta ipate nafasi. Kwenye kioo lilielea umbo la kihisi, utepe uliojikunja na kujisokota, na katikati yake mfuko.

"Karibu, dada. Huyu wa nyuma naye ni mtaalamu?"

"Mimi ni mzigo," alisema Koplo. "Nipeni kiti."

Mkemia alikuza picha mpaka mfuko ukajaa kioo. Kingo zake zilikuwa zimefumba. Ndani yake mlikuwa na vitone vyekundu, saba, vimesongamana.

"Vitone hivi Profesa ameviita maji," alisema. "Sasa, maji yana adabu. Molekuli mbili za maji zikiwa jirani, kuna nafasi zinaachiana, huwezi kuzilazimisha. Hapa zimekaliana mapajani. Nafasi iliyopo ni kama nusu ya inayotakiwa. Atomi zinakaribiana hivi pale tu zinaposhikana kwenye molekuli moja."

"Kwa hiyo si maji."

"Si maji. Programu ikikuta wingu lisilo na jina, inalijaza maji ukibonyeza kitufe. Halafu mtaalamu anatakiwa akague kwa macho yake. Hili ni kosa la watu wa fani hii tu, na huwa wanalifanya wakiwa na haraka."

"Au wakiwa hawajui walichotakiwa kukikuta." Kauzu alivuta stuli akakaa. "Futa maji. Nataka kuona wingu tupu."

Vitone vilitoweka. Likabaki wingu moja refu, limelala mfukoni kama mbegu ndani ya ganda.

"Ukiniuliza haraka," Mkemia alisema, "nitakwambia ni malati, asidi ya tufaha. Uti wa kaboni nne, oksijeni kila ncha. Kila chenye uhai kinayo, na kihisi cha namna hii kinaipenda."

Kauzu alitoa karatasi yake, akaikunjua, akaiweka juu ya meza. "Na hii?"

Mkemia alisoma lile neno moja. Aliisoma tena picha. "Tatarati," alisema polepole. "Chumvi ya asidi ya ukwaju. Hao ni ndugu wa tumbo moja. Uti uleule wa kaboni nne. Ila malati ina kinundu kimoja tu cha oksijeni ubavuni. Tatarati inavyo viwili, huku na huku." Alishika kipanya, akalizungusha wingu. Ubavu mmoja ukajitokeza. "Kinundu cha kwanza." Akalizungusha tena. "Kinundu cha pili. Wewe dada, umeyatoa wapi haya?"

"Nimeuliza chumvi. Picha ni safi kiasi gani?"

"Safi. Ingekuwa hafifu ningekuambia sijui, na ungeondoka na hasira zako. Fuwele ilikuwa na nakala mbili za protini zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Ngoja nione ile ya pili." Alisogeza picha, akaangalia, akairudisha. "Viwili vilevile."

"Bakteria waliotumika kuitengeneza protini, wanaweza kuwa wameitengeneza na hii tatarati?"

"Hawa, hapana. Lazima mtu aimimine."

Koplo alijikuna kidevu. "Kwa hiyo shahidi wetu ni chumvi."

"Shahidi wetu ni kihisi," alisema Kauzu. "Kazi yake ni kunusa kilichomo majini na kukishika. Walikiweka kwenye tatarati, kikainusa, kikaishika. Hakuna aliyekiambia kwamba ni siri."

"Usishangilie mapema," Mkemia alisema. "Kwenye hazina ameandika salfeti ya amonia. Ukimwonyesha picha hii atasema kalamu iliteleza, kwamba alitumia tatarati, au kwamba msaidizi ndiye aliyebadilisha. Hapo utakuwa huna kitu."

"Ndiyo. Kwa hiyo haoni picha mpaka milango hiyo aifunge mwenyewe."

*

Profesa alikuwa amewakusanya wafanyakazi wake kwenye chumba cha fuwele kusikiliza radhi. Walisimama kuzizunguka meza mbili ndefu, makoti meupe, mikono nyuma, kama watu waliolazimishwa kuhudhuria harusi. Yeye alikaa. Nywele zake za mvi zilikuwa zimechanwa vizuri na shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi iliyonyooka kama rula.

Sindano aliingia akifuatana na Koplo. Mama yake alikuja nyuma yao, kichwa chini.

"Karibuni," alisema Profesa. "Shemeji, kaa. Mimi sina kinyongo. Mtoto akinyea mkono haukatwi. Mwache aseme, tuendelee na maisha."

"Kabla hajasema," Kauzu aliingilia, "kuna mambo machache ya faili. Nikiyaacha wazi, wakubwa wangu watanirudisha hapa."

"Uliza, Inspekta."

"Fuwele zilizoharibiwa zilikuwa za nani? Kituoni uliandikisha kwamba ni zako."

"Zangu. Niliziotesha kwa mikono hii."

"Peke yako? Au msaidizi alishiriki, tumchukue maelezo?"

"Peke yangu. Sikuwa na msaidizi."

"Kwa chumvi gani?"

Profesa alitabasamu kwa wafanyakazi wake. "Polisi wanasoma kemia siku hizi. Salfeti ya amonia."

"Nimesikia fununu kwamba chumvi ya stoo iliisha, na kwamba kazi ilifanywa kwa chumvi ya kuazima. Nisamehe, ni maneno ya korido."

Tabasamu liliondoka. "Nani amesema? Hapa hatuazimi, Inspekta. Nilikuwa na chupa yangu mwenyewe ofisini, salfeti safi, nikaipima mwenyewe. Ndiyo niliyoiandika kwenye hazina ya kimataifa."

"Hakuna kuteleza kwa kalamu?"

"Mimi si karani."

"Na hakuna kingine kilichoingia kwenye maji yale? Hata kidogo?"

"Hakuna. Nitasimama nalo popote, mahakamani hata kaburini."

"Mahakamani patatosha," alisema Kauzu, akamwashiria Koplo aweke kompyuta mezani. "Sasa nisaidie hili. Umbo hili ni lako?"

"Ni langu."

"Haya maji saba mfukoni yamekaliana. Mbona hivi?"

Wafanyakazi walisogea. Mmoja wao, mwanamke wa makamo aliyekuwa msimamizi wa mashine ya eksirei, aliinamisha kichwa kuelekea kioo, kisha akamtazama bosi wake.

Profesa aliangalia. Ilimchukua kitambo kifupi tu, maana hakuwa mjinga. "Programu ilijaza maji. Ni dosari ndogo, nitaisahihisha. Hiyo ni malati. Inatoka ndani ya bakteria waliotutengenezea protini, kila seli inayo. Ungemuuliza mwanafunzi yeyote."

"Malati. Una uhakika?"

"Nimeifanya kazi hii kabla hujavaa sare."

"Malati ina vinundu vingapi ubavuni?"

Profesa alinyoosha kola ya shati lake.

"Ni swali la mwanafunzi, Profesa."

"Kimoja."

Kauzu aliyafuta maji, kama alivyoonyeshwa, akalizungusha wingu mara moja, kisha mara ya pili.

"Viwili," alisema yule msimamizi wa eksirei, kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma kipimo.

"Ukungu tu," alisema Profesa. "Kelele za picha. Mawingu haya yana kelele."

"Nakala ya pili ya protini ina vinundu viwili pia, mahali palepale. Kelele hairudii neno lilelile mara mbili." Kauzu aligeuka. "Sindano, idara ya kemia ulikwenda kuazima nini?"

Sindano hakumsikia. Alikuwa ameikaribia kompyuta, pua karibu iguse kioo. Alikuwa hajawahi kuuona ule mfuko. "Tatarati," alisema, lakini hakuwa anajibu swali. "Imeingia ndani. Imefumba koleo. Ndiyo maana ziliota! Mimi niliiona kama maji ya kulowekea tu, kumbe ndiyo iliyowasimamisha gwaride." Aliinua kichwa. "Kwa salfeti zisingeota. Mfuko ungebaki mtupu, koleo lingechezacheza mpaka kesho. Nilijaribu mimi, zaidi ya mtu yeyote hapa."

"Unasikia, Profesa?" Kauzu alisema. "Umeapa kwa chumvi ambayo haioteshi kitu, na umekana ile iliyomo ndani ya umbo lako."

Profesa alisimama. Hakumwangalia Inspekta. Alimwangalia mtoto wa kaka yake, na sauti yake ikashuka ikawa ya sebuleni. "Nilikutoa kwenu na sanduku moja. Leo unasimama unatazama askari akimvua nguo baba yako?"

"Sijakuvua, baba mdogo. Ulivaa ya kwangu."

Mtu mmoja nyuma alikohoa ili asicheke. Mama yake Sindano alikuwa ameinua uso. Alimtazama shemeji yake kwa makini, kama mtu anayesoma kibao cha njia baada ya kupotea muda mrefu.

"Haya ni maneno," alisema Profesa. "Mawingu na vinundu. Hakuna hakimu atakayeelewa hata nusu."

"Basi tusimpe maneno," alisema Sindano. Alivuta droo, akatoa glavu, akazivaa. Akaenda kwenye friji akarudi na kichupa kidogo, akakiweka katikati ya meza. "Protini ni hii, ileile, imebaki. Tugawane. Wewe meza ile, mimi hii. Otesha kwa salfeti yako, mimi naotesha kwa tatarati. Chumba kifungwe, ufunguo akae nao Inspekta, na hawa wote ni mashahidi. Zako zikiota, nitaomba radhi kwa magoti, na jela nitakwenda kwa miguu yangu."

Msimamizi wa eksirei alichukua kisahani kitupu chenye vishimo, akakiweka mbele ya Profesa. Akaweka na glavu pembeni yake, saizi kubwa.

Profesa aliangalia glavu. Mkono wake ulinyanyuka kidogo kutoka ubavuni, ukasimama, ukarudi.

"Shemeji, zivae," alisema mama. "Si unasema ni kazi ya mikono yako?"

"Nitazungumza na wakili wangu."

"Atakukuta kituoni," alisema Kauzu. "Uliandikisha kwa polisi kwamba fuwele zilizoharibiwa ni zako. Hilo ni tamko la uongo, na nina mashahidi wa chumba kizima. Kuhusu mtungi, tutaanza kwa kuuomba ule ufunguo wako. Koplo."

Koplo alimshika Profesa kiwiko kwa adabu, kama anayemsaidia mzee kushuka ngazi. Simu ya Kauzu ikalia tena.

"Ndiyo, Mkuu… Ndiyo, tunakuja na mtu… Hapana, Mkuu. Siye huyo." Aliisogeza simu mbali na sikio mpaka kelele zilipopungua. "Unaweza kuniondoa kwenye kesi hii, Mkuu, ni haki yako. Ila atakayeipokea atakuta picha zipo kwenye hazina ya dunia nzima, na hizo hatuna uwezo wa kuziondoa, mimi wala wewe."

Alipokata, Profesa alikuwa amesimama kizingitini, amegeuka, akimsubiri mtoto wa kaka yake aseme chochote. Wafanyakazi nao walikuwa wakisubiri.

Sindano hakugeuka. Alikuwa ameinama juu ya kisahani, pumzi ameizuia, anadondosha tone la kwanza.